Maji Moto na Majina Yake: Historia ya Chemchemi Ziponyazo katika Afrika Mashariki

Utangulizi

Kata ya Mchombe, katika bonde la Kilombero, hujulikana kwa mpunga na kwa maji baridi. Mito ishukayo kutoka milima ya Udzungwa, ukiwamo mto Mngeta, huingia bondeni na kuulisha mto Kilombero, ambao nao hukutana na Luwegu na kuuzaa mto Rufiji. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, hupita katika ukanda huo huo. Abiria apandaye treni Mngeta na kuelekea Dar es Salaam hupita Ifakara, kisha hufika Kisaki, eneo lenye chemchemi za maji ya moto. Yule aelekeaye upande wa pili hupandisha nyanda za juu hadi Mbeya, ambako upande wa magharibi, katika bonde la Songwe, maji ya moto hutoka ardhini na kuacha tabaka za mawe ya chokaa. Kwa hiyo Mchombe ipo baina ya maeneo mawili ambayo, kama yangekuwa Ulaya, huenda kila moja lingekuwa na mji wa kuogea wenye jina linalojulikana hata na wasiopata kuufikia.

Hapa Afrika Mashariki hali ni tofauti. Mtu akiuliza jina la chemchemi ya maji ya moto, mara nyingi hujibiwa: "Maji Moto." Jibu hilo hutolewa Manyara, hutolewa Katavi, hutolewa Mara, na hutolewa Narok nchini Kenya. Swali linalozuka ni hili: je, jina hilo moja linatokana na ukweli kwamba wenyeji hawakuwa na lingine la kusema, au limefunika majina mengine yaliyokuwapo? Mhadhara huu unatetea jibu la pili. Aidha, unadai kwamba jina la chemchemi si maelezo ya joto la maji tu, bali ni kumbukumbu ya nani aliyeithamini, nani aliyeimiliki na nani aliyekwenda pale kutafuta afya. Jina hilo linapofutika, sehemu ya historia ya tiba ya jamii hufutika pamoja nalo.

Njia tatu za kuyaita maji ya moto

Ukiyapanga majina ya miji ya kuogea ya sehemu mbalimbali za dunia, utaona kwamba mengi yanaangukia katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la majina yanayotaja joto au mchemko. Mji wa Aguascalientes nchini Mexico, ulioanzishwa mwaka 1575, una jina ambalo maana yake kwa Kihispania ni "maji ya moto" tu, bila nyongeza yoyote. Tbilisi, mji mkuu wa Georgia, umejengwa juu ya neno la Kijojia lenye maana ya uvuguvugu. Afrika nayo haikosi mifano. Mwaka 1886 Malkia Taytu alivutiwa na chemchemi za moto za Filwoha, na kando yake ukakua mji ambao leo ni Addis Ababa. Filwoha kwa Kiamhari ni maji yachemkayo. Waoromo wana jina lao la mahali hapo, Finfinne, nalo huhusishwa na chemchemi hizo hizo. Huko Afrika ya Kusini, mji ulioitwa Warmbaths kwa Kiingereza na Warmbad kwa Kiafrikana ulirejeshewa mwaka 2002 jina la Kitswana, Bela-Bela, lenye maana ya kuchemka kwa kurudiarudia.

Fungu la pili ni la majina yanayomtaja mwenye maji. Mwenyewe anaweza kuwa mungu, mfalme au mfadhili. Warumi waliotawala Uingereza waliuita mji ambao leo ni Bath kwa jina la Aquae Sulis, yaani maji ya Sulis, mungu wa kike aliyeabudiwa na wenyeji kabla ya wageni hao kufika. Karlovy Vary, katika Jamhuri ya Cheki, unabeba jina la Mfalme Karl wa Nne. Caldas da Rainha nchini Ureno ni "maji ya moto ya malkia", kwa heshima ya Malkia Leonor aliyeanzisha hospitali mahali hapo mwaka 1485.

Fungu la tatu ni la majina yanayotaja tendo la kuoga au jengo la kuogea. Bath yenyewe, kwa jina lake la sasa, imo humu. Wajerumani wana neno Bad, yaani pa kuogea, na nchini mwao neno hilo ni cheo: mji hauruhusiwi kujiwekea hivi hivi, bali hupewa na mamlaka ya serikali. Mji wa Kissingen ulianza kuitwa Bad Kissingen mwaka 1883, na Homburg ukawa Bad Homburg mwaka 1912. Baden-Baden nao ulirasimisha jina lake la kujirudia mwaka 1931, ili usichanganywe na sehemu nyingine ziitwazo Baden.

Mji wa Spa nchini Ubelgiji unastahili kutajwa peke yake. Jina lake lilitoka katika ramani likawa neno la kawaida la Kiingereza, na kutoka hapo likaenea duniani. Leo neno spa limeandikwa kwenye mabango ya hoteli za Dar es Salaam na Unguja, mahali ambapo wageni hukandwa mwili kwa mafuta na ambapo pengine hapana chemchemi yoyote. Jina la mji mdogo wa Ulaya limepata safari ndefu kuliko jina la chemchemi yoyote ya Afrika Mashariki, ingawa hapa maji yenyewe hayakosekani.

Pwani: hamamu, Bububu na Chemka

Waswahili wa pwani waliifahamu njia ya tatu mapema. Neno hamamu limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake una maana ya joto. Huko Oman, chemchemi za moto za Nakhal na Rustaq zimekuwa mahali pa kuoga kwa vizazi vingi. Unguja haina chemchemi za namna hiyo, kwa hiyo joto la hamamu lilitengenezwa kwa kuni na tanuri. Mnamo mwaka 1850 Sayyid Said alijenga hamamu ya Kidichi kwa ajili ya mkewe aliyetoka Uajemi. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga hamamu ya umma ndani ya Mji Mkongwe, na mtaa ulioizunguka ukaitwa Hamamni. Kwa kiambishi -ni tu, Kiswahili kiligeuza jengo kuwa mahali, na mahali kuwa mtaa. Hamamu haitumiki tena kwa kuogea, lakini mtaa bado unaitwa hivyo. Jina limedumu kuliko kazi iliyolizaa.

Kaskazini ya mji huo kuna Bububu, jina lenye funzo kwa mtafiti wa majina. Wapo wasemao kwamba Bububu ni mlio wa treni, kwa kuwa reli ndogo ilipita huko kuanzia mwaka 1905. Maelezo hayo yanavutia, lakini hayawezi kuwa sahihi. Emily Ruete, aliyezaliwa Salme binti Said, alilitaja shamba la Bububu katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, karibu miaka ishirini kabla ya treni. Maelezo mengine, kwamba jina linaiga sauti ya maji yabubujikayo, hayana kikwazo hicho, kwani Bububu ni mahali pa chemchemi. Tangu jina liliposikika kwa mara ya kwanza hadi lilipotafutiwa maelezo, chemchemi ilikuwa imesahauliwa na mashine ikakumbukwa.

Sauti ya maji inafafanua jina jingine pia. Katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, kuna bwawa la maji maangavu liitwalo Chemka, ambalo hutangazwa kwa watalii kama chemchemi ya moto. Mgeni akijitosa huona maji ni ya uvuguvugu tu, akadhani jina limemdanganya. Jina halikumdanganya. Katika Kiswahili vitenzi chemka na chemsha vina undugu wa umbo na nomino chemchemi, na maana inayoviunganisha ni kububujika. Maji yanaweza kububujika kwa sababu yapo motoni, na yanaweza kububujika kwa sababu yanasukumwa kutoka ardhini. Aliyeliita bwawa hilo Chemka hakulazimika kumaanisha joto. Aliyelitafsiri jina hilo kwa ajili ya watalii ndiye aliyeiacha maana moja na kushika nyingine.

Mtagata na Kitagata: wagonjwa walikuwapo kabla ya ramani

Huenda mtu akadhani kwamba Afrika Mashariki haikuwa na desturi ya kwenda kuoga maji ya moto kwa tiba, na kwamba ndiyo sababu haikupata miji ya kuogea. Ushahidi unakanusha dhana hiyo. Mwaka 1876 Henry Morton Stanley, akiwa mgeni wa Mfalme Rumanyika wa Karagwe, alikwenda kuziona chemchemi za moto za Mtagata na kueleza habari zake katika kitabu alichokichapisha mwaka 1878. Aliwakuta watu waliokuja kujiuguza kwa maji hayo. Kilichokuwapo Mtagata, basi, ndicho kilichozaa miji ya Ulaya: maji yanayosifiwa, wagonjwa wanaosafiri, na siku za kukaa pale. Kilichokosekana ni mabango, hoteli na reli, vitu ambavyo Ulaya yenyewe ilivipata kwa wingi katika karne hiyo hiyo ya 19.

Jina Mtagata linatokana na kitenzi kinachopatikana katika lugha za eneo hilo la maziwa, chenye maana ya kuwa na joto. Kitenzi hicho hicho kimezaa Kitagata, chemchemi mashuhuri za magharibi mwa Uganda, katika Wilaya ya Sheema. Mfano wa Kitagata una thamani ya pekee kwa sababu njia zote tatu zilizotajwa juu zimekutana hapo. Jina la jumla linataja joto. Ndani yake kuna mabwawa mawili: moja huitwa Ekyomugabe, yaani la Omugabe, mfalme wa Ankole, jingine, ambalo watu huliendea kwa tiba, huitwa Mulago, kwa jina la hospitali kuu iliyopo Kampala. Walioliita Mulago hawakuhitaji mtaalamu wa kuwaeleza kazi ya maji yale. Walichukua jina la hospitali kubwa kuliko zote nchini wakalivisha bwawa lao, wakasema kwa neno moja kwamba hapa nasi tunatibiwa.

Kwa upande mwingine, jijini Tanga, si mbali na mapango ya Amboni, kuna chemchemi za maji ya salfa ziitwazo Galanos. Jina hilo ni la mlowezi wa Kiyunani aliyekuwa na mashamba ya mkonge. Hili nalo ni jina la fungu la pili, jina la mwenye maji. Lakini mwenyewe huyu alifika juzi, nayo maji yalikuwa yakitoka ardhini muda mrefu kabla yake. Ukiliweka jina la Galanos kando ya Ekyomugabe, utaona jinsi jina la mahali linavyoweza kuwa hati ya kumiliki, na jinsi hati hiyo inavyoweza kuandikwa upya.

Sarufi ya jina Maji Moto

Sasa turejee kwenye jina lililoenea kuliko yote. Kisarufi, Maji Moto ni jina la Kiswahili safi. Neno moto ni nomino inayotumika kama kivumishi bila kuchukua kiambishi cha upatanisho. Hakuna asemaye *maji mamoto. Jikoni husemwa maji moto au maji ya moto, vyovyote vile. Lakini jina la mahali limechagua umbo moja: hakuna anayesema anakwenda "Maji ya Moto". Huko Katavi, katika eneo la Mpimbwe, jina limekazwa zaidi na kuandikwa kama neno moja, Majimoto, na ndilo jina la kata. Hapo Tanzania imepata kile ambacho Mexico ilikipata kwa Aguascalientes: makazi ya watu yenye jina la maji yake.

Ndani ya Hifadhi ya Ziwa Manyara kuna ushahidi mwingine. Mbali na Maji Moto yenyewe, ipo chemchemi ndogo iitwayo Maji Moto Ndogo. Mwalimu yeyote wa shule ya msingi angesahihisha kwa wino mwekundu: maji ni madogo, si ndogo. Hata hivyo, kosa hili lina habari yake. Upatanisho umeacha kufuata ngeli ya neno maji kwa sababu Maji Moto si maji tena katika akili ya msemaji. Ni jina la mahali, na kivumishi kinafuata kitu kisichotajwa, kama vile chemchemi au sehemu. Hivyo ndivyo maelezo yanavyogeuka kuwa jina.

Si vigumu kuona jinsi jina hilo lilivyopata nguvu ya kuenea. Katika karne ya 19 Kiswahili kilikuwa lugha ya misafara, na baadaye kikawa lugha ya utawala wa Wajerumani na kisha wa Waingereza katika ngazi ya chini. Mpimaji aliyeuliza "hapa panaitwaje?" aliuliza kwa Kiswahili, na kiongozi wa njia, ambaye pengine hakuwa mwenyeji wa mahali hapo, alijibu kwa Kiswahili kile alichokiona. Jibu likaandikwa, ramani ikachapishwa. Ndani ya eneo ambalo zamani lilikuwa Pori la Akiba la Selous kuna chemchemi ziitwazo Maji Moto, karibu na ziwa Tagalala. Selous alikuwa mwindaji na mwanajeshi Mwingereza aliyeuawa Beho Beho mwaka 1917. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Jina la mgeni liliondoka; Maji Moto likabaki, kwa sababu hakuna aliyeliona kuwa ni jina lililowekwa juu ya jingine.

Tofauti ni Maji ya Weta, jirani na Kisaki. Hapa kihusishi kimebaki, na pamoja nacho neno ambalo si la Kiswahili cha kawaida. Jina hilo linamwachia mtafiti mlango wa kuingilia. Anaweza kwenda kwa wazee na kuuliza Weta ni nini au ni nani. Mbele ya Maji Moto hana la kuuliza, kwa sababu kila kitu kimekwisha kuelezwa, na hakuna kilichosemwa.

Bonde la Kilombero na maji ya dawa

Bonde la Kilombero lina sababu ya pekee ya kulitafakari jambo hili. Katika historia ya Tanzania hakuna mahali ambapo maji na dawa vilikutana kwa uzito kama kusini-mashariki mwaka 1905. Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe, katika eneo la Rufiji, aligawa maji yaliyoaminiwa kuwakinga watu na risasi za Wajerumani. Imani hiyo ilipanda na mito hadi bondeni, na tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji wa Kimbunga na Kipogoro walilishambulia boma la Mahenge. Maji ya Kinjekitile hayakuwa ya chemchemi ya moto, na haifai kuvichanganya vitu hivi viwili. Hata hivyo, vyote viwili vinasimama juu ya wazo moja, kwamba nguvu ya maji inatokana na mahali yalikochotwa na mwenye mamlaka juu ya mahali hapo. Katika wazo kama hilo, jina la mahali ni sehemu ya dawa.

Vita hivyo vina funzo la pili, nalo ni la utafiti. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliendesha Mradi wa Utafiti wa Majimaji, ambapo wanafunzi walikwenda vijijini kuandika masimulizi ya wazee wakati baadhi ya waliokumbuka vita walikuwa bado hai. Mwaka uliofuata Ebrahim Hussein alitoa tamthiliya yake ya Kinjeketile. Kama kazi ile ingecheleweshwa kwa miaka ishirini, sehemu kubwa ya yale yaliyoandikwa isingepatikana.

Majina ya chemchemi yapo leo mahali masimulizi ya Majimaji yalipokuwa mwaka 1968. Mwaka 2013 iliundwa kampuni ya umma ya kuendeleza jotoardhi nchini Tanzania, na maeneo yaliyopewa kipaumbele ni Ngozi, Songwe, Kiejo-Mbaka, Luhoi na Natron. Msomaji ataona jambo la kufurahisha katika orodha hiyo: hakuna Maji Moto hata moja. Kwa mhandisi, jina linalofaa kila mahali halifai popote. Akiagiza mtambo upelekwe Maji Moto, utapelekwa wapi? Kwa hiyo sayansi mpya kabisa imelazimika kusimama juu ya majina ya wenyeji. Lakini mhandisi huchukua jina moja kwa eneo zima. Majina ya bwawa la wanawake, la wagonjwa wa ngozi au la matambiko, kama yapo, hayamo katika kazi yake, na mashine zikishachimba, mabwawa yenyewe huenda yasibaki yalivyo.

Hitimisho

Haitakuwa haki kukishtaki Kiswahili kwa hasara hii. Kutaja joto la maji ni njia ya wanadamu wote, na Kitagata na Bela-Bela ni majina ya namna hiyo hiyo katika lugha nyingine za Kibantu. Tena bila Kiswahili msafiri wa Mchombe asingeweza kuuliza njia Kisaki wala Songwe. Tatizo si kwamba jina la Kiswahili lipo, bali ni kwamba limebaki peke yake, na wasomi wa Kiswahili wameliona kuwa linatosha.

Mradi wa Lugha za Tanzania ulionyesha mwaka 2009, kwa kuchapisha Atlasi ya Lugha za Tanzania, kwamba kazi ya kuziorodhesha lugha za nchi nzima inawezekana. Kazi ya kuyaorodhesha majina ya maji ni ndogo kuliko hiyo. Inahitaji mwanafunzi anayejua Kindamba, Kimbunga au Kipogoro, daftari, na mzee mwenye subira. Inahitaji aulize mambo matatu juu ya kila chemchemi, kila dimbwi na kila kijito: panaitwaje, nani alipaita hivyo, na watu walikwenda pale kufanya nini. Kazi hiyo inaweza kuanzia Mchombe kwenyewe, kwenye maji baridi ya Mngeta, kabla ya kufuata reli kwenda kwenye maji ya moto ya pande zote mbili. Majina yatakayopatikana yaandikwe kando ya Maji Moto, yasiliondoe. Mji wa Bath haukupungukiwa kitu kwa kukumbuka kwamba zamani ulikuwa wa Sulis.